Fahamu: Namna swali la simuni linavyogeuka kuwa mauzo

Mfanyabiashara mdogo wa Ruiri, katika Buuri ya Kaunti ya Meru, ambaye duka lake ni chumba kimoja ilhali wateja wake huenda wako Isiolo au Nairobi, aweza kushinda akipokea maswali kwa WhatsApp na Facebook bila kupokea fedha. Na sababu, aghalabu, si ughali wa bidhaa bali ni jawabu lililochelewa. Aulizaye usiku bei ya koti la mtumba yamkini amekwisha kuwauliza wengine, na atakayemjibu kwanza, kwa bei kamili, picha halisi, saizi na gharama ya kumpelekea, ndiye mwenye nafasi ya kuuza. Ile ada ya kuandika "njoo inboksi nikupe bei", kana kwamba bei ni siri ya sultani, huwachosha watu kabla ya salamu.

WhatsApp Business, iliyotolewa Januari 2018, humwezesha muuzaji kuandaa mapema majibu ya maswali ya kila siku na kuwatia wateja alama, huyu mpya, huyu hajalipa. Orodha ya bidhaa yenye picha na bei ilifuata mwaka 2019. Lakini swali la kufungia biashara shurti aliulize mwenyewe: "Dada, nikutumie leo kwa matatu?", kisha ataje papo hapo nambari yake ya M-Pesa, huduma iliyoanzishwa na Safaricom mwaka 2007. Wala asipakie mzigo kwa kuamini ujumbe wa malipo aliotumiwa na mteja, maana wako wanaoughushi. Kwanza atazame salio lake mwenyewe.