Panya wa maabara wafichua jinsi malaria inavyokaba mishipa ya ubongo

MTOTO anapozirai kwa malaria, wazazi wengi husema homa imempanda kichwani. Ukweli ni kwamba mishipa midogo ya damu iliyo ubongoni mwake imeziba, na huenda pia imejikaza. Kujikaza huko kwa mishipa ndiko wanasayansi wamekuwa wakikuchunguza kwa kutumia wanyama, na wakazi wa Bungoma na Kitale wana kila sababu ya kutaka kujua kilichogunduliwa.

Bungoma imo katika ukanda wa Ziwa Victoria ambako malaria huambukizwa mwaka mzima, na wanaolemewa zaidi ni watoto wadogo. Kitale, mji ulioko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hauna mbu wengi wa malaria. Hiyo si afueni kamili. Mkazi wa huko, hata akiwa mtu mzima, hukosa kinga inayojengwa na maambukizi ya mara kwa mara, hivyo akishuka Bungoma kwa mazishi au biashara na kurudi na vimelea, anaweza kuzidiwa upesi.

Daktari hawezi kulifungua fuvu la mgonjwa mahututi ili atazame mishipa. Kwa panya, jambo hilo linawezekana. Huambukizwa kimelea kiitwacho Plasmodium berghei, na baada ya siku chache hupooza na kupoteza fahamu. Mwaka wa 2010, watafiti walioko California, Marekani, wakiwemo Pedro Cabrales na Leonardo Carvalho, walieleza kwamba walipotazama kupitia kidirisha kilichotobolewa kwenye fuvu, waliona mishipa ikiwa imejikaza na damu ikipita kwa shida. Panya waliopewa nimodipini, dawa inayotumiwa na wagonjwa waliovuja damu kando ya ubongo, pamoja na dawa ya malaria, walinusurika kwa wingi kuliko waliopewa dawa ya malaria pekee.

Chanzo kimoja cha hali hii kimo katika kemia ya damu. Mishipa hulegezwa na gesi ya naitriki oksaidi, ambayo mwili huitengeneza kutokana na kiini cha protini kiitwacho arginini. Vimelea vinapozipasua chembechembe nyekundu, hemoglobini humwagika na kuifyonza gesi hiyo. Kumbe dalili zake zilikuwa zimeonekana mapema hapa Afrika Mashariki: mwaka wa 1996, utafiti uliofanywa Dar es Salaam ulionyesha kuwa kadiri malaria ya mtoto ilivyokuwa kali, ndivyo mabaki ya gesi hiyo mwilini yalivyopungua. Mwaka wa 2003, watoto wa Tanzania wenye malaria ya ubongo walipatikana na arginini kidogo mno.

Hata hivyo, panya si mtoto. Mishipa yake huzongwa zaidi na chembechembe nyeupe, ilhali ya binadamu huzibwa na chembechembe nyekundu zenye vimelea zinazonata ukutani. Watoto walipovutishwa gesi hiyo katika hospitali ya Jinja, Uganda, matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2015 hayakuonyesha nafuu yoyote iliyowazidi wenzao. Ndiyo maana nyani wa Taasisi ya Utafiti wa Nyani, mtaani Karen, Nairobi, wana thamani ya pekee. Mwaka wa 2003 iliripotiwa kuwa nyani walioambukizwa Plasmodium knowlesi waliugua vikali, na vimelea vikajikusanya katika mishipa ya ubongo kama ilivyo kwa binadamu.

Kwa sasa hakuna dawa ya kulegeza mishipa iliyoidhinishwa kwa malaria ya ubongo. Iliyopo ni sindano ya atesuneti. Utafiti wa mwaka wa 2010 uliohusisha watoto 5,425 katika mataifa tisa ya Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa waliodungwa dawa hiyo walifariki asilimia 8.5, dhidi ya asilimia 10.9 ya waliopewa kwinini. Mtoto aliyeshikwa na degedege hufaidika nayo iwapo atafikishwa hospitalini siku hiyo hiyo, kabla ya kwa mganga.