Korongo Taji na Kinamasi Kilichohuishwa Kigali

Je, wajua kuwa kati ya spishi 15 za korongo wa ukoo wa korongo taji, ni mbili tu, zote zenye taji, zinazoweza kulala juu ya miti? Siri iko mguuni: kidole cha nyuma cha ndege hawa ni kirefu, hivyo hulishika tawi barabara, ilhali wenzao hulala wakiwa wamesimama majini au ardhini. Kwa kuwa Kiswahili huwaita korongo hata ndege wa koo nyingine wenye miguu mirefu, ieleweke kwamba anayezungumziwa hapa ni yule wa kijivu mwenye shungi la manyoya magumu ya rangi ya dhahabu, anayefikia kimo cha mita moja, na ambaye Wanyarwanda humwita umusambi.

Ingawa hulala mtini, uzazi wake hutegemea ardhioevu, yaani ardhi inayojaa maji mwaka mzima au kwa msimu, kwani dume na jike hukanyaga matete hadi yawe jukwaa katikati ya maji, jike akataga hapo mayai mawili hadi manne, nao wakayaatamia kwa zamu kwa takriban mwezi mmoja. Kinamasi kikikaushwa kwa kilimo, kiota hukosa kinga. Nchini Rwanda uzuri wenyewe ulimponza ndege huyu, kwa sababu vifaranga vilichukuliwa viotani vikafugwa kama pambo katika bustani za nyumba na hoteli, mabawa yakakatwa visiruke. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata korongo 487 tu porini nchini kote.

Shirika la uhifadhi lililoasisiwa na daktari wa mifugo Olivier Nsengimana liliwakusanya korongo waliofugwa, likawarejesha wazima porini katika Hifadhi ya Akagera, na wale wasioweza kuruka tena likawapa makazi ya kudumu kwenye kinamasi cha hekta 21 pembezoni mwa Kigali, kinachoitwa Umusambi Village. Kinamasi hicho kilikuwa kimeharibika. Baada ya kuhuishwa, ndege wengi wa porini wamekuja wenyewe, hata mtazamaji mwenye darubini na subira ya asubuhi moja hupata mengi ya kuandika daftarini. Hata hivyo, anayestahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi ni korongo mwenyewe, anapotembea akikanyaga nyasi kwa kishindo ili wadudu watoke, kisha awadonoe.

Yeyote atakayeletewa kifaranga cha korongo taji na akatae kukinunua.