Mkate wa Jana, Mayai ya Leo

Aghalabu katika nyumba za Ukonga mkate wa slesi hununuliwa jioni. Mzazi huteremka kwenye daladala katika kituo cha Mombasa, hupita dukani, na huingia nyumbani na mkate mmoja mkononi. Usiku huliwa nusu, asubuhi huliwa robo, na slesi chache zinazosalia, pamoja na zile mbili za mwisho zenye ganda ambazo watoto huzikwepa, hubaki kabatini. Siku ya pili zimekauka. Siku ya tatu zimo katika pipa la taka. Hakuna aliyekusudia kufanya israfu. Ni vile tu hakuna aliyejua la kuzifanyia.

Juma hili ukurasa wetu wa familia unazungumzia slesi hizo. Tumechagua chakula kimoja cha asubuhi: mkate uliojazwa nyama na tende, ukachovywa katika mayai na maziwa, kisha ukakaangwa. Una utamu na chumvi kwa pamoja, hushibisha, na hupendeza zaidi ukitengenezwa kwa mkate wa jana kuliko wa leo. Tulifundishwa na mama mmoja mkazi wa Ukonga, ambaye ametuomba tusimtaje jina. Pamoja na mapishi alitusimulia jambo lililomkuta kwa sababu ya mkate huu, nasi tumeona si haki kuwapa wasomaji wetu mapishi tukaliacha jambo lenyewe.

Chakula chenye ndugu wengi

Kuufufua mkate mkavu si jambo jipya. Kitabu cha mapishi cha Warumi wa kale kijulikanacho kwa jina la Apicius kina maelekezo ya mkate uliolowekwa katika maziwa, ukakaangwa na kumiminiwa asali. Wafaransa huuita mkate wa namna hii pain perdu, maana yake mkate uliopotea, kwa kuwa pasipo maziwa na mayai ungekwisha kutupwa. Kule Hyderabad, Bara Hindi, slesi hukaangwa kisha hulowekwa katika maziwa yenye sukari na iliki, na huandaliwa katika harusi na katika mwezi wa Ramadhani.

Nasi Waislamu tunaijua tharidi, yaani mkate uliovunjwavunjwa ndani ya mchuzi wa nyama. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alipoeleza ubora wa Bi Aisha (R.A.) aliufananisha na ubora wa tharidi juu ya vyakula vingine. Chakula cha mkate uliolowa, basi, kina heshima ya zamani katika nyumba zetu.

Ama kujaza nyama, mfano tunao karibu. Anayefika Forodhani, Unguja, jioni, hukuta mantabali: unga mwembamba uliokunjwa juu ya nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ukakaangwa mbele ya mteja. Na kuchanganya tamu na chumvi si kigeni kwa watu wa Pwani, ambao tangu hapo hula mahamri kwa mbaazi za nazi.

Hapa tuweke tahadhari moja. Nchini Marekani mkate wa kujazwa na kuchovywa katika mayai hujulikana kwa jina la Monte Cristo, na ndani yake huwekwa nyama ya nguruwe. Atakayekutana na mapishi hayo asidhani kwamba pasipo nyama hiyo chakula hakikamiliki. Vilevile mapishi mengi ya kigeni huongeza vanila ya maji, ambayo aghalabu huyeyushwa katika kileo. Iliki ya kusaga inatosha, na harufu yake inashinda.

Kwa nini mkate uliolala

Mkate mpya una unyevu mwingi na ni laini. Ukiuchovya katika mayai hulegea, hukatika mkononi, na nyama humwagika kikaangoni. Mkate uliolala umepoteza sehemu ya unyevu na wanga wake umekaza, kwa hiyo huyanywa maziwa na mayai polepole bila kupasuka. Yai likipata moto huganda ndani ya vitundu vya mkate na kuushika wote pamoja.

Lakini tutofautishe baina ya mkate uliokauka na mkate ulioharibika. Ukiona ukungu, uwe wa kijani, mweupe au mweusi, hata kwa doa moja, mkate huo usiliwe wala usikatwe ile sehemu tu ukabakishwa nyingine, kwani katika chakula laini mizizi ya ukungu huenda mbali kuliko macho yanavyoona. Ukiwa na harufu ya uchachu, utupe. Kuhifadhi riziki si kuila ikiwa imekwisha kuoza.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba mkate ukiwekwa kwenye jokofu la kawaida hukauka upesi kuliko ukiachwa kabatini, ingawa ukungu huchelewa. Mwenye friza augandishe.

Mahitaji (jozi nne)

Slesi 8 za mkate wa jana
Nyama ya ng'ombe ya kusaga, robo kilo
Tende laini 10
Mayai 3
Maziwa, nusu kikombe cha chai
Kitunguu maji 1 kikubwa
Kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, kijiko 1 cha chai
Binzari nyembamba ya kusaga, nusu kijiko cha chai
Pilipili manga, robo kijiko cha chai
Iliki ya kusaga, robo kijiko cha chai
Kotimiri kiasi
Ndimu nusu
Chumvi kiasi
Samli au mafuta ya kukaangia

Namna ya kutayarisha

Weka nyama katika sufuria pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, chumvi na maji ya ndimu. Pika kwa moto wa wastani huku ukiipondaponda kwa mwiko ili isishikane mabonge, mpaka ikauke kabisa. Tia kitunguu maji kilichokatwa vidogo vidogo, binzari na pilipili manga. Geuza kwa dakika tatu, epua, kisha changanya kotimiri. Nyama ikibaki na maji, mkate utalowa kwa ndani na jozi zitafumuka.

Toa kokwa za tende, zilowe katika maji ya moto kidogo kwa dakika kumi, umwage maji, kisha uziponde kwa uma ziwe laini kama jamu.

Paka tende upande mmoja wa slesi nne, kwa wembamba. Slesi nne zilizobaki zigawie nyama, ukiacha pembeni upana wa kidole pasipo kitu. Funika slesi ya nyama kwa slesi ya tende, kisha ikandamize kingo kwa vidole au kwa uma mpaka zishikane.

Piga mayai pamoja na maziwa, iliki na chumvi kidogo sana katika bakuli pana. Usitie sukari, kwani hufanya mkate uungue nje kabla ndani hakujaiva. Laza kila jozi katika mayai kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini, igeuze, uhesabu tena. Ikiwa mkate wako ni mpya, hesabu tano tu.

Pasha samli katika kikaango kwa moto mdogo. Laza jozi, funika kwa dakika mbili, funua, na ukaange mpaka upande wa chini uwe rangi ya kahawia. Geuza, ufanye vivyo hivyo. Mwisho isimamishe jozi kwa kingo zake ili nazo ziive. Yai lisibaki limelowa mahali popote. Wanaotumia jiko la mkaa wapunguze makaa kwanza, kwa kuwa moto mkali ndio unaoharibu chakula hiki kuliko kitu chochote.

Kata pembe kwa pembe, uandae kwa chai ya tangawizi isiyo na sukari nyingi, maana tende zimekwisha kufanya kazi hiyo. Nyama inaweza kupikwa usiku ikahifadhiwa kwenye jokofu; asiye na jokofu aipike alfajiri, kwani joto la Dar es Salaam halina subira na nyama iliyolala mezani. Mayai yaliyobaki katika bakuli yakaangwe papo hapo, yasiwekwe.

Lililomkuta mwenyeji wetu

Mama aliyetufundisha haya ni mjane. Mumewe alifariki akamwachia watoto watatu, na mama mkwe anaishi naye. Alipomaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi alianza kuuza chai na jozi hizi barazani kwake, tangu baada ya swala ya Alfajiri hadi saa mbili asubuhi. Mapishi ni ya mama mkwe. Kwa mkate mpya hakubakiwa na faida. Mwenye duka wa jirani akakubali kumpunguzia bei ya mikate iliyolala, na hapo ndipo biashara ilipopata pumzi.

"Uzuri wa chakula hiki ni kwamba yai linafunika," alituambia. "Mtu hawezi kujua mkate ni wa lini. Na ubaya wake ni huo huo."

Asubuhi moja mzee wa mtaani, mteja wake wa kila siku, alimuuliza, "Binti yangu, mkate huu ni wa leo?"

"Ni wa leo, baba," akajibu pasipo kufikiri.

Mzee akala, akalipa, akashukuru, akaenda zake. Mkate ulikuwa safi na haukumdhuru. Lakini mama mkwe alikuwa ndani akisikia. Hakusema neno mpaka watoto walipokwenda shule, kisha akamwita.

"Mwanangu, mkate wa jana si aibu. Mumeo nimemlea nao. Aibu ni kuuita wa leo."

Akamkumbusha kisa kilichopokewa na Abu Hurayra (R.A.) na kuthibiti katika Sahihi Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono wake ndani, na vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akaeleza kwamba nafaka ilinyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyoloa ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kudanganya hayumo pamoja naye. Mvua haikuwa kosa la muuzaji yule. Kosa lilikuwa kuificha.

Mama huyu hakutuficha kwamba usiku ule alilala kwa shida, na si kwa majuto peke yake. "Nilikuwa nikihesabu. Nikisema kweli, nani atanunua? Na nisipouza, kodi ya nyumba nitailipa kwa nini?"

Kulipokucha alikwenda nyumbani kwa mzee kabla hajawasha jiko, akamweleza, akamrudishia fedha yake. Mzee aliipokea. Hakumgombeza wala hakumsifu, na kwa siku kadhaa hakuonekana barazani. Tangu asubuhi hiyo mwenyeji wetu humwambia kila mteja mpya kabla hajauliza: mkate ni wa jana, mayai ni ya leo. Wapo waliocheka wakanunua. Wapo walioondoka, na wachache miongoni mwao hawajarudi hadi hivi tunavyoandika. Ikambidi apunguze idadi ya jozi anazopika.

Baada ya kama juma moja mzee alirejea, akaketi mahali pake, akaagiza jozi mbili. Hakuuliza kitu.

Tulimuuliza iwapo biashara imerudi kama zamani. "Bado," alisema. "Imekaribia. Lakini sasa mtu akiniita kwa nje, sishtuki."

Kwa familia zetu

Tulipokuwa tukiaga tuliona kwamba jozi tatu za kwanza zilizotoka kikaangoni hazikuwekwa mezani kwa wateja. Zilifunikwa kwa sahani kwa ajili ya watoto, ambao zamani walikwenda shule na chai ya rangi peke yake. Kijana wake mdogo, wa miaka tisa, huchagua zile zenye ganda. Anasema hushika nyama vizuri zaidi.

Katika Suratul Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ameturuhusu kula na kunywa na akatukataza israfu. Mtume naye alituelekeza kwamba tonge likianguka liokotwe, liondolewe uchafu, liliwe, lisiachiwe shetani. Ikiwa tonge moja lina haki hiyo, slesi nne zilizomo kabatini zina haki kubwa zaidi. Na anayeuza chakula ana haki nyingine juu yake, nayo ni kumwambia mnunuzi anachokila.

Kwa hiyo jioni ya leo, kabla mmoja wetu hajapita dukani kununua mkate mwingine, na apige simu nyumbani aulize umebaki kiasi gani. Ukiwapo wa kutosha, badala ya mkate anunue tende na mayai matatu, na kesho watoto wale kabla ya shule, Inshaallah.