Nyota Zilizokataa Kulipuka katika Hesabu

Nyota iliyozaliwa na uzito uzidio mara nane ule wa jua letu haizimiki kwa upole. Kwani ikisha kuteketeza haidrojeni yake, kisha heliamu, kisha vitu vizito zaidi zamu kwa zamu, hujilimbikizia kiinini mwake chuma, ambacho hakitoi nishati hata kikiunganishwa. Uzito wa kiini hicho ukifika yapata 1.4 ya uzito wa jua, hukosa cha kukitegemeza, nacho huporomoka kwa muda usiotimia sekunde moja, kutoka upana wa maelfu ya kilomita hadi makumi tu. Maada iangukayo juu yake hurudishwa kwa kishindo, na wimbi la mshindo likaanza safari ya kuelekea nje.

Wimbi hilo ndilo lililodhaniwa kuwa huipasua nyota. Lakini wataalamu wa falaki walipoyatia mambo hayo katika kompyuta, lilikwama yapata kilomita 150 kutoka kitovuni. Mwaka 1966 Stirling Colgate na Richard White walikwisha kutoa rai kwamba nguvu ya mlipuko huchukuliwa na nyutrino, chembe zipenyazo takriban kila kitu. Na mwaka 1985 Hans Bethe na James Wilson wakabainisha jinsi sehemu ndogo ya chembe hizo inavyoweza kunaswa nyuma ya wimbi na kulihuisha kwa joto. Nyutrino zenyewe zilidhihiri tarehe 23 Februari 1987, vyombo vya Japani, Marekani na Urusi ya Kisovieti viliponasa chache kutoka nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan.

Hata hivyo nyota za kompyuta ziliendelea kukataa, na sababu ilikuwa kwamba mashine za zamani, kwa udhaifu wake, zililazimisha nyota iwe tufe lililo sawa pande zote. Tangu miaka ya 1990, gesi iliporuhusiwa kwenda upande wowote, ya moto ikipanda na ya baridi ikishuka mithili ya maji yachemkayo chunguni, ilikawia zaidi katika joto la nyutrino, na msukosuko wake ukalisukuma wimbi. Leo makundi kama la Hans-Thomas Janka huko Garching, Ujerumani, na la Adam Burrows huko Princeton, Marekani, huzilipua nyota hizo katika hesabu za pande tatu, ijapokuwa kufuatilia sekunde chache hugharimu mamilioni ya saa za prosesa.

Na kwa kuwa mlipuko huo huenda upogo, kiini kilichobaki, yaani nyota ya nyutroni, husukumwa upande wa pili. Ndiyo maana wanafalaki huziona nyota za nyutroni zikikimbia angani kwa mamia ya kilomita kila sekunde, jambo ambalo tufe lililo sawa lisingeweza kamwe kulieleza.