Ujumbe wa Badiliko katika Mifumo ya Udhibiti wa Matoleo: Faili Moja au Fungu Zima? Mfano wa Ramani ya Nyakanazi

Ujumbe wa badiliko ni maelezo mafupi anayoyaandika mhariri anapohifadhi kazi yake katika mfumo wa udhibiti wa matoleo. Kilichobadilika huonyeshwa na mfumo wenyewe. Ujumbe hueleza sababu. Suala linalojadiliwa hapa ni iwapo ujumbe huo uandikwe kwa kila faili au kwa fungu la faili zilizobadilishwa pamoja.

Katika RCS na CVS, kila faili ina historia na ujumbe wake. Subversion, na pia Git iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huambatanisha ujumbe mmoja na fungu zima. OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, ilifuata utaratibu huo wa mafungu mwaka 2009.

Athari zake huonekana katika ramani ya Nyakanazi, njiapanda ambapo barabara itokayo Kahama kuelekea Rusumo hukutana na ile ya Kakonko na Kigoma. Tuseme mhariri amepita barabara ya Kakonko na kuona lami, akaisajili hivyo. Katika fungu hilohilo akaongeza nyumba alizozichora kutokana na picha za setilaiti. Ujumbe wake ni “Kuboresha ramani ya Nyakanazi.” Atakayefungua historia ya barabara hiyo baadaye hatajua kama lami ilionekana kwa macho au ilikisiwa kutoka angani. Kwa mpangaji wa safari za malori wakati wa masika, tofauti hiyo ni kubwa.

Hata hivyo, kurudia utaratibu wa CVS si suluhisho. Nukta ya njiapanda ikisogezwa, barabara zote zinazokutana hapo huathirika kwa sababu moja. Kutenganisha jumbe zake ni kuvunja uhusiano huo.

Kwa hiyo, kipimo cha ujumbe kiwe sababu, wala si faili. Sababu mbili zihifadhiwe katika mafungu mawili. Sababu moja inapogusa faili kadhaa kwa namna tofauti, mstari wa kwanza utaje sababu, na mistari inayofuata itaje kila faili na kilichoihusu. Katika OpenStreetMap, ambako maelezo hayazidi herufi 255, kugawa mafungu na kutaja chanzo cha taarifa ndiyo njia ya uhakika zaidi.