Samaki Wangapi Tangini?

Atakaye kufuga samaki wa mapambo huuliza kwanza: tangi hili litachukua samaki wangapi? Jibu lililozoeleka hulinganisha urefu wa samaki na ujazo wa maji. Ni jibu jepesi kukumbuka, lakini halitoshi, kwa maana samaki waliosongamana hukosa hewa kabla ya kukosa nafasi ya kuogelea. Kikomo huwekwa na oksijeni iliyoyeyuka majini. Na kwa maji yenye joto moja, kikomo hicho kiko chini zaidi Babati kuliko pwani.

Sababu ni mwinuko. Mji wa Babati uko kama mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na hapo kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 85 ya ile ya pwani. Kanieneo ikipungua, oksijeni inayoyeyuka majini hupungua pia. Maji yasiyo ya chumvi, yenye joto la nyuzi 25 za Sentigredi, huweza kubeba miligramu 8.3 za oksijeni katika kila lita yakiwa Tanga, na miligramu 7 tu yakiwa Babati.

Lichukuliwe tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 100, upana wa sentimita 50, na maji ya kina cha sentimita 40, yaani lita 200. Ichukuliwe pia kwamba kilo moja ya samaki hutumia miligramu 200 za oksijeni kwa saa, na kwamba samaki hutaabika oksijeni ishukapo chini ya miligramu 3 kwa lita. Akiba ya Babati ni (7 − 3) × 200, yaani miligramu 800. Ya Tanga ni miligramu 1,060. Umeme ukikatika usiku na pampu ya hewa ikasimama, kilo moja ya samaki itamaliza akiba ya Babati kwa saa 4, na ile ya Tanga kwa saa 5 na dakika 18. Samaki wakiwa nusu kilo, akiba ya Babati itadumu saa 8, na huenda wakafika asubuhi salama.

Kwa hakika muda huo huwa mrefu kidogo, kwa kuwa oksijeni huendelea kuingia kupitia uso wa maji. Ndiyo maana tangi pana hufaa kuliko tangi jembamba lenye kina kirefu, hata kama ujazo ni mmoja.

Katika kidimbwi, mwani hutoa oksijeni mchana na kuitumia usiku. Kwa hiyo saa ya hatari ni alfajiri, wakati samaki huonekana wakihema juu ya maji.

Kikomo cha pili ni amonia, ambayo samaki huitoa hasa kwa matamvua. Sumu yake hutegemea pH. Katika nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu iliyo sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 9, hupita asilimia 30. Samaki wa mapambo watokao Ziwa Tanganyika wamezoea maji yenye pH ya karibu 9. Hivyo awafugaye katika maji ya namna hiyo hana budi kubadilisha maji mara kwa mara.

Hata hivyo, uchache peke yake si dawa. Mbuna wa Ziwa Nyasa hugombea maeneo. Wakiwa wachache mno, dume mwenye nguvu humwandama mnyonge mmoja hadi kumuua. Wakiongezwa, ugomvi hugawanyika, lakini maji hudai uangalizi mkubwa zaidi.

Basi idadi ya samaki ipimwe kwa saa iliyo mbaya kuliko zote, wala si kwa saa ya kawaida. Wanafunzi wanaweza kuhesabu mara ambazo samaki hufungua vifuniko vya matamvua kwa dakika moja, alasiri na tena alfajiri, maji yakiwa na joto lile lile. Hesabu ya alfajiri ikizidi sana, ni dalili kwamba yafaa samaki wapunguzwe.