Majira, Msimu na Mbegu: Istilahi za Kupanda katika Bustani ya Nyumbani

Mbegu nyingi za mboga na maua zinazouzwa madukani mwetu hutoka nchi za nje, nazo huja na maelezo yaliyochapishwa juu ya pakiti. Maelezo hayo ni mafupi, na kwa sababu hiyo mfasiri huyadhania kuwa mepesi. Kumbe ndani ya mistari mitano au sita hukutana na majina ya majira, namna za kupanda, umri wa mimea na vipimo vya mwanga na baridi, ambavyo vyote vilitungwa na watu wanaoishi mbali na ikweta. Akikosea istilahi katika riwaya, msomaji atakunja uso na kuendelea kusoma. Akikosea hapa, mbegu huoza ardhini, na mwenye bustani aliyetoa fedha yake husema kwamba mbegu ni mbovu, au kwamba Kiswahili hakifai kwa mambo ya kitaalamu.

Tuanze na majira yenyewe. Imezoeleka katika tafsiri nyingi kuyavika majira manne ya Ulaya majina yetu: yale ya kuchipua majani huitwa masika, ya joto huitwa kiangazi, ya kupukutika majani huitwa vuli, na ya baridi huitwa kipupwe. Ulinganisho huu unapendeza kwa sababu ni wanne kwa wanne, lakini hauna msingi. Majina ya Ulaya yanapima joto na baridi. Ya kwetu, kwa sehemu kubwa, yanapima mvua. Masika ya pwani na ya kaskazini mwa Tanzania ni mvua kubwa za Machi hadi Mei, na vuli ni mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba. Majira ya kuchipua ya Uingereza, kwa upande wao, ni wakati ambapo udongo uliopoa kwa miezi mingi huanza kupata joto.

Sasa tutazame linalotokea bustanini. Pakiti ya nyanya inaagiza mbegu zisiwe katika majira ya kuchipua. Mfasiri anaandika "sia wakati wa masika". Msomaji wa Tanga au Dar es Salaam anatii, anasia mwezi wa Aprili, kitalu chake kinapigwa na mvua kubwa, na miche inayosalia inashikwa na ukungu kabla haijatoa ua. Jirani yake asiyesoma pakiti husia mwishoni mwa masika na kuhamishia miche yake Juni, kipupwe kinapoingia, hewa ikiwa imepoa na maji akiyatoa mwenyewe kwa kopo la kunyunyizia. Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi. Pakiti hiyo hiyo huonya kwamba hakuna cha kupandwa nje katika majira ya baridi, na onyo hilo likifasiriwa kwa kipupwe, basi mwananchi wa pwani ameambiwa auache ule wakati ulio bora kwa kabichi, karoti, saladi na nyanya.

Wala tusidhani kwamba majina yetu yana maana moja nchini kote. Dodoma, Tabora na Mbeya hupata mvua za mkupuo mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, na huko wapo wanaouita wakati huo wote masika, na wengine husema kifuku. Unguja na Pemba wana neno mchoo kwa mvua chache zinazonyesha baada ya masika kumalizika, neno ambalo mtunga kalenda wa bara hana habari nalo. Kenya utasikia pia "mvua ndefu" na "mvua fupi", ambazo ni tafsiri za neno kwa neno. Binafsi sioni faida yake maadamu masika na vuli yapo na yanajulikana.

Kwa hiyo pendekezo letu ni kwamba mfasiri wa maelezo ya kilimo asifasiri jina la majira, bali hali inayokusudiwa na jina hilo. Badala ya "masika" aandike "udongo unapokuwa na joto na mvua si nyingi", au, akiwaandikia watu wa mahali panapojulikana, ataje miezi pamoja na mahali penyewe. Majina marefu kama "majira ya kuchipua" yabaki katika jiografia na fasihi, ambako msomaji anapelekwa Ulaya kwa makusudi.

Neno msimu nalo linahitaji mpaka wake. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili cha zamani lilihusu hasa wakati wa pepo za kaskazi zilizoleta majahazi. Leo linatumika ovyo mahali pa majira. Ingefaa majira yawe migawanyo ya mwaka kwa hali ya hewa, na msimu uwe muda wa shughuli au zao: msimu wa kilimo, msimu wa maembe. Hivyo ndivyo wasemaji wengi wanavyosema tayari bila kufundishwa. (Wakulima wa Unguja na Pemba walikuwa na kipimo kizuri kuliko vyote viwili: walihesabu siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, ambayo siku hizi huadhimishwa Makunduchi mwezi wa Julai, na kila kumi waliiita mwongo. Neno hilo tumelichukua likawa miaka kumi ya makatibu na wanahistoria. Limepata cheo, lakini shamba limelikosa.)

Kuhusu vitenzi, lugha yetu ni tajiri kuliko maandishi yetu. Takriban kila karatasi husema "panda", iwe ni mbegu, mche au pingili. Lakini kusia ni kutawanya mbegu kitaluni. Kuatika ni neno la miche. Na kuhamishia husema waziwazi kwamba mche umetoka pahali pamoja kwenda pengine. Kupandikiza kumekwisha kuchukuliwa na madaktari kwa figo na moyo, na si vibaya tukawaachia. Vivyo hivyo tuta lisiitwe "kitanda cha maua". Mabwana shamba hutofautisha tuta lililoinuka, linalofaa wakati wa mvua kwa kuwa maji hayatuami, na tuta lililodidimia, linalofaa wakati wa ukame kwa kuwa huyahifadhi. Kitanda hakiwezi kubeba tofauti hiyo.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa vitunguu. Ipo aina ambayo pakiti huiita ya "siku ndefu", na nimeona ikielezwa kuwa ni kitunguu kinachochelewa kukomaa. Sivyo. Maana yake ni kwamba kitunguu hicho hakifanyi kichwa mpaka mwanga wa mchana ufikie saa 14 hivi. Mchana wa Dar es Salaam haufiki saa 13 katika mwezi wowote, na wa Nairobi hauzidi saa 12 ila kwa dakika chache. Atakayekipanda atavuna majani mazuri na shingo nene, bila kitunguu. Kosa lote limetokana na neno siku, ambalo kwetu ni usiku na mchana pamoja. Tuandike "kitunguu cha mchana mrefu" na "kitunguu cha mchana mfupi". Red Creole, kinachojulikana sana kwetu, ni cha aina hii ya pili.

"Mmea wa miaka miwili" ni mtego wa namna hiyo hiyo. Karoti na kabichi huitwa hivyo kwa sababu huhitaji kupitia baridi kabla ya kutoa maua na mbegu, si kwamba mlaji angoje miaka miwili. Karoti huliwa baada ya miezi mitatu hivi. Na ugonjwa wa nyanya uitwao bakajani chelewa una jina la nusu. "Bakajani" ni neno zuri, fupi, linaloonekana kwa macho. "Chelewa" linamlaza mkulima, kwani katika nyanda za baridi zenye mvua ugonjwa huo unaweza kuingia mapema kabisa.

Lipo neno moja la pakiti ambalo lina mahali pake halisi hapa nchini: sakitu. Mtu wa Tanga hana haja nalo, lakini wa Makete na Njombe hulikuta juu ya majani yake asubuhi za Juni na Julai, na kwake onyo la kutohamishia miche kabla sakitu haijapita ni la kweli.

Bado hatujapata neno moja linalokubalika kwa kazi ya kuizoesha miche jua kali na maji machache kabla ya kuhamishiwa. Wengine husema kukomaza, ambalo ni la matunda. Wengine kuzoesha, ambalo ni pana mno. Wasomaji walio karibu na wakulima wa Lushoto, Iringa au Pemba wanaombwa watuletee neno linalotumika huko, pamoja na jina la kijiji na sentensi ambamo limesikika.